Mguu wa mkimbiaji ukipata ufa

Mama mmoja wa mtaa wa Buruburu jijini Nairobi ameniandikia barua ndefu kuhusu binti yake wa Kidato cha Tatu, anayesomea shule ya bweni huko Kisii na ambaye ni hodari wa mbio za mita 5,000. Kwa karibu mwezi mzima msichana huyo alilalamika kwamba muundi wa mguu wa kushoto unamuuma. Alichuliwa kwa mafuta ya moto, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaendelea kukimbia. Hatimaye daktari alisema mfupa umepata ufa, akaamuru apumzike wiki nane. Sasa wiki ya nne imetimia, maumivu yamekwisha, na mashindano yamebakisha siku kumi na nane. Mwalimu wa michezo anasema msichana amepona. Mjomba wake, ambaye naye alikimbia enzi zake, anasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Mama anauliza: je, nimruhusu akimbie?

Mama, usimruhusu. Nakupa jibu kabla ya maelezo kwa sababu siku kumi na nane si nyingi, na naona kuna watu watatu wanaokusukuma upande mwingine, akiwemo binti yako mwenyewe.

Wengi wetu hudhani mfupa ni kama mti mkavu, kwamba ama umevunjika ama ni mzima. Sivyo. Mfupa ni kitu hai ambacho mwili hukibomoa na kukijenga upya kila siku. Mkimbiaji anapoongeza kilomita ghafla, au anapohama kutoka uwanja wa nyasi na kuanza kukimbia kwenye lami, mwili hubomoa sehemu iliyochoka ili uijenge upya ikiwa imara zaidi. Shida ni kwamba mafundi wa kubomoa hufanya kazi upesi kuliko waashi. Kwa wiki kadhaa mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi kuongezwa. Mkimbiaji akipunguza mwendo wakati huo, waashi humaliza kazi yao. Asipopunguza, ufa mwembamba kama unywele hutokea.

Ndiyo maana hakuna siku ambayo mtoto anaweza kuitaja na kusema hapa ndipo nilipoumia. Hakuanguka, hakugongwa na gari. Wa kwanza kuandika habari za ugonjwa huu alikuwa daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt, mwaka wa 1855. Aliona askari waliotembea safari ndefu wakivimba nyayo na kushindwa kukanyaga. Hakuweza kuona kilichokuwa ndani ya nyayo hizo, kwani eksirei iligunduliwa miaka 40 baadaye, mwaka wa 1895.

Hata leo eksirei yenyewe hudanganya. Katika wiki mbili tatu za kwanza picha aghalabu haionyeshi kitu, na mtoto hurudishwa shuleni akiitwa mvivu. Mzazi anaweza kujifanyia uchunguzi mdogo nyumbani. Mpapase mtoto muundi kwa kidole kuanzia juu hadi chini. Maumivu yakitapakaa kwenye sehemu ndefu ya mguu, huenda ni misuli na nyama za kandokando ya mfupa. Yakikaa mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi, na hasa kama yanamwamsha usiku, basi mrudishe kwa daktari hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Tena kuna mahali ambapo si pa kusubiri hata siku moja. Mkimbiaji anayeumwa kinenani kila akikanyaga huenda ana ufa kwenye shingo la mfupa wa paja, na huo ukiachwa ukavunjika kabisa ni kisu cha daktari na vyuma. Juu ya wayo, karibu na kifundo, pia ni pabaya kwa sababu damu hufika kwa shida.

Sasa, kwa nini watu wazima wenye akili timamu wamharakishe mtoto? Anayeijua Gusii hatashangaa. Huko ndiko alikotoka Nyandika Maiyoro, aliyemaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956 na wa sita mjini Roma mwaka wa 1960, kabla hata ya Kenya kupata bendera yake. Naftali Temu wa pande za Nyamira ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mita 10,000 mjini Mexico mwaka wa 1968. Yobes Ondieki alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, kule Oslo mnamo Julai 1993. Hellen Obiri naye alishinda Boston mwaka wa 2023 na tena 2024. Mtoto anayekulia kwenye vilima hivyo akisikia majina hayo haoni mchezo, anaona karo ya chuo kikuu Marekani, au kazi katika jeshi, polisi au magereza. Ukimwambia akae wiki nane ni kana kwamba umemwambia asahau maisha. Simlaumu, wala simlaumu mwalimu wake, ambaye naye ana mkuu wa shule anayetaka kikombe.

Lakini waliofika huko juu nao wamelazwa na nyufa kama hizi. Mwingereza Paula Radcliffe aligunduliwa ufa kwenye mfupa wa paja mwaka wa 2008, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing. Alilazimisha kwenda, akamaliza wa 23. Mnamo Novemba mwaka huo huo, baada ya mfupa kupata muda zaidi, alishinda marathoni ya New York. Mkenya Conseslus Kipruto alikaa nje sehemu kubwa ya msimu wa 2019 kwa ajili ya ufa wa mguu wa kushoto, kisha akaenda Doha kutetea taji lake la dunia la kuruka viunzi na maji. Alimshinda Lamecha Girma wa Ethiopia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuvunjika kwa koleo, wahenga walisema, si mwisho wa uhunzi.

Turudi kwa wiki ya nne, kwa sababu hapo ndipo wengi huangamia. Maumivu huondoka mapema kuliko ufa. Katika wiki hiyo mwili umeshaziba pengo kwa mfupa mchanga, laini, kama chokaa ambayo haijakauka. Inatosha kutembea bila kuumwa. Inatosha hata kumdanganya mtoto akimbie mizunguko miwili ya uwanja jioni moja na kurudi akichekelea. Mita 5,000 za ushindani, mizunguko kumi na miwili na nusu, ni jambo jingine kabisa. Ufa ukifunguka tena, na safari hii mfupa ukakatika wote, hutazungumzia wiki nane bali miezi mingi. Vidonge vya maumivu ndivyo humaliza kazi, maana huzima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua.

Neno kuhusu kuchua. Abagusii wana sifa ya kale katika mambo ya mifupa. Ababari wao walipasua na kutengeneza vichwa vilivyoumia muda mrefu kabla ya hospitali kujengwa Kisii, na wataalamu wa kigeni wameandika habari zao kwa mshangao. Siudharau ujuzi huo. Lakini kukandamiza na kusugua mahali penye ufa hakuungi chochote, na huenda kukauchokoza. Mafuta yawekwe kando.

Jambo ambalo mama hakuliandika, nami nalazimika kuliuliza: je, binti yako anaona hedhi zake? Kuna walimu, na hata wazazi, wanaodhani kwamba msichana mkimbiaji kukosa hedhi miezi mitatu au minne ni dalili kwamba mazoezi yameiva. Ni dalili ya njaa. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya hufunga kwanza shughuli za uzazi, na homoni zinazolinda mifupa hupungua nazo. Msichana wa namna hiyo atapona ufa huu na kupata mwingine mwakani. Mwulize kwa upole, faraghani, wala si mbele ya mjomba, na jibu likiwa baya mpeleke hospitali kwa ajili ya hilo peke yake. Wavulana pia hudhoofika mifupa kwa kula kidogo, ila wao hawana kalenda ya kuwaonya.

Chakula chenyewe kiko pale pale Gusii. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, ilhali unga wa mahindi meupe haufikishi 20. Kijana wa umri huo anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku. Ugali wa wimbi ambao nyanya za Gusii wameusonga tangu jadi, ukiliwa na chinsaga au rinagu, na omena wanaotafunwa na mifupa yao, unamfaa mkimbiaji kuliko makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwa bei ya kutisha hapa jijini. Gilasi ya maziwa huongeza kama 300 nyingine. Shuleni atapata ugali mweupe na kabichi, kwa hivyo siku ya kutembelewa mpelekee unga wa uji wa wimbi badala ya biskuti.

Na arudi vipi? Kwanza daktari aseme ndiyo. Kisha binti aweze kutembea haraka dakika 30 au 40, siku kadhaa mfululizo, bila kuumwa wakati huo wala asubuhi inayofuata, na mahali pa ule ufa pabonyezwe pasiume. Hapo aanze kukimbia taratibu dakika moja na kutembea mbili, mara kumi, siku moja akimbie na siku inayofuata apumzike. Wiki baada ya wiki dakika za kukimbia ziongezwe na za kutembea zipunguzwe. Maumivu yakirudi mahali pale pale, asimame siku hiyo hiyo na arudi hatua moja nyuma. Kasi ije mwisho, baada ya umbali. Kabla ya hapo asikae tu kitandani. Mazoezi ya tumbo, nyonga na mapaja akiwa sakafuni hayaugusi muundi. Wa jijini wana mabwawa ya kuogelea. Kisii atahitaji baiskeli isiyotembea, na asipoipata, sakafu inatosha.

Tatizo la Kisii na Nyamira ni kwamba ardhi tambarare ni adimu kama maji jangwani. Kila njia inapanda au inashuka. Watu huogopa kupanda kwa sababu mapafu hulia, kumbe mfupa huumizwa zaidi na kushuka, kwani kila hatua hutua kwa kishindo kizito. Kwa hivyo wiki zote za mwanzo azunguke uwanja wa shule, kwenye nyasi, akibadilisha upande wa kuzungukia. Baadaye apande kilima akikimbia na ateremke akitembea. Miteremko ya udongo mwekundu baada ya mvua, ambayo huko hunyesha karibu kila jioni, iachwe mpaka muhula ujao.