Wanaocheka Katuni

Wako watu hapa Mpanda, tena wasomi, ambao ukiwatajia hadithi za katuni hucheka, wakasema hayo ni mambo ya watoto. Mimi siwakubalii, na leo nawajibu.

Chukua hadithi ya Wajapani iitwayo Tetsuwan Atomu, ambayo Wamarekani huiita Astro Boy. Mchoraji wake, Osamu Tezuka, alisomea udaktari. Alianza kumchora mtoto huyo wa chuma mwaka 1951, miaka sita tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Na nguvu inayomwendesha ni ya nyuklia, ile ile iliyoteketeza miji hiyo. Dakta Tenma amefiwa na mwanawe kwa ajali ya barabarani. Anaunda roboti mwenye sura ya marehemu, anampenda, kisha anatambua kwamba mtoto huyu hakui. Anamchukia, anamwuza kwenye sarakasi. Nambieni, wazee wenzangu: mzazi amkataaye mtoto kwa kuwa si yule aliyemtaka, hatumjui sisi? Huyo ni wa kuchekwa?

Tarehe 1 Januari 1963 hadithi hiyo ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani. Ikatengenezwa upya kwa rangi mwaka 1980, na tena mwaka 2003. Mchoraji mwingine, Naoki Urasawa, alichukua kisa kimoja cha humo, akakichora upya kwa watu wazima, akakiita Pluto. Nacho kikawa filamu ya mfululizo mwaka 2023, miaka thelathini na minne baada ya Tezuka kufariki.

Utaniambia Wajapani wana fedha. Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mwaka 1963 Tezuka aliuza kila kipindi kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Ili kubana matumizi, wachoraji wake walichora picha chache, wakazitumia tena na tena: mdomo unacheza, mwili umetulia. (Kampuni yake ilifilisika mwaka 1973, hilo silifichi.) Lakini hadithi zenyewe zilihifadhiwa, kila kizazi kikazikuta.

Sisi je? Tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Tulikuwa na jarida la Sani, na ndani yake Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Sani ilitufikia kwa treni ya Tabora, imechelewa, imekunjamana, na nakala moja ilisomwa na mtaa mzima mpaka ikachakaa. Shuleni nilikosoma, ukikamatwa nayo ilichanwa mbele ya wenzako, nawe ukachapwa. Zilizonusurika kwa walimu zikaishia kufungia karanga.

Mjukuu wangu anatazama maroboti ya Kijapani kwenye simu. Akaniuliza, babu, nyinyi mlikuwa na nini? Nikajaribu kumsimulia Lodi Lofa kwa mdomo. Hachekeshi bila picha.

Basi nasema: maktaba zetu, za mikoa na za shule, ziyapokee majarida ya katuni na kuyajalidi kama zinavyofanya kwa vitabu vya historia. Tusingoje mgeni aje kutununulia uvunguni. Mimi ninazo nakala nne za Sani, moja haina jalada. Nitampa mkutubi yeyote wa Katavi atakayeniandikia stakabadhi.