Kabla ya kununua jeep, familia ihesabu watu wake

Katika mji wa Butembo, kama vile Bunia, Uvira ao Lubumbashi, baba wa familia akiisha kukusanya dola za kutosha kwa kununua gari, swali linakuwa karibu lile lile: jeep ao Noah? Na jibu pia linakuwa lile lile: jeep. Noah inaachiwa watu wa taksi. Mwenye kuinunua kwa ajili ya watoto wake, majirani wanamuuliza kama ameanza kazi ya kubeba abiria.

Jibu hilo lina sababu zake, na si za majivuno tu. Kutoka tumbo la gari mpaka udongo, Noah ina karibu sentimita 16. RAV4 inafikia karibu 19, na Prado inafikia karibu 22. Kwa mtu wa mji wenye barabara nzuri hizo ni hesabu za fundi. Kwa mkaaji wa kata ya juu ya kilima, mwezi wa nne ao wa kumi na moja, wakati maji ya mvua yamechimba njia na kuacha mawe wazi, sentimita sita ndizo zinaamua kama gari litafika nyumbani ao litalala chini kwa rafiki mwenye kiwanja karibu na lami. Jiwe moja likipasua chombo cha chini kinachobeba mafuta ya injini, pesa za masomo ya miezi mitatu zinaingia garajini.

Basi wenye kuchagua gari la juu hawakosi akili. Kosa linaanzia mahali pengine: gari la juu ambalo familia nyingi zinaweza kulipa ni RAV4 ya zamani, na zile zinazotembea huku Mashariki karibu zote zina viti vitano. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6,6 kwa kila mwanamke nchini Kongo. Baba, mama, watoto sita, mara nyingi na bibi ao mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma mjini: watu tisa kwa viti vitano.

Matokeo yanaonekana kila asubuhi mbele ya mashule. Mtoto mdogo anakaa juu ya magoti ya mama, mbele. Wanne wamebanana nyuma. Halafu dereva anashuka, anafungua mlango wa mizigo, na wawili wengine wanaruka chini na mifuko yao ya daftari. Pale walipokuwa hapana kiti wala mkanda. Pamewekwa kwa kubeba unga na makala. Wazazi wanaopenda watoto wao, wanaowalipia masomo kwa shida, wanawapanga kama mizigo kwa sababu gari lenyewe linaonekana imara.

Imara ni chuma, si mtoto aliye ndani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu karibu watu milioni 1,19 wanaokufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Gari linalokimbia kilomita 40 kwa saa likisimamishwa na ukuta ao na lori, uzito wa mtoto wa kilo 20 unazidi nguvu za mikono yoyote. Mama hawezi kumshika, hata akiwa na nguvu namna gani. Anayekaa nyuma bila mkanda anarushwa juu ya wale wa mbele.

Wengine watasema: basi Prado. Ni kweli, Prado ndefu ina safu tatu na viti saba ao nane. Lakini bei yake si ya mwalimu wala ya muuguzi, na injini yake inakunywa. Tena safu ya tatu ikifunguliwa, nafasi ya mizigo inakwisha, mizigo inapanda juu ya paa, na gari ambalo tayari ni refu linapata uzito kichwani. Kwenye kona za milima jambo hilo si dogo: gari la namna hiyo linapinduka upesi kuliko lile la chini.

Noah iliyodharauliwa ina viti saba ao nane. Sakafu yake ni ya chini, bibi anaingia bila kuinuliwa na wajukuu. Mlango wake unateleza pembeni, haufungukii kifuani mwa mwenye pikipiki anayepita. Kwa familia inayokaa karibu na lami, ni gari la akili zaidi, waseme majirani wanavyosema.

Ila kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Magari hayo yalitengenezwa kwa Japani, nchi ambamo watu wanaendesha upande wa kushoto. Noah nyingi za zamani zina mlango mmoja tu wa kuteleza, na uko kushoto, upande wa watembea kwa miguu kule Japani. Kongo wanaendesha upande wa kuume. Hapa mlango huo unafungukia katikati ya barabara, pale pikipiki zinapokimbia, na mtoto anashuka huko. Fundi anaweza kuhamisha usukani kutoka kuume kwenda kushoto, mlango hauhamishi. Noah za miaka ya baadaye nyingi zina milango pande zote mbili. Mzazi aulize hilo kabla ya kuuliza kilomita ngapi gari limetembea, na avute mikanda yote ya nyuma kwa mkono wake mwenyewe, maana mara nyingi imekatwa ao imezikwa chini ya viti.

Anayeishi juu ya kilima, ambako Noah haipandi, anunue jeep. Lakini kama ni ya viti vitano na watoto ni sita, basi kwenda masomo ni safari mbili. Esansi ya safari ya pili inauma, ni kweli.

Na hapa swali linaacha mfuko wa mzazi. Tangu 2008 kuna Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, unaolishwa na pesa zinazokatwa juu ya mafuta na zile za peaje. Barabara ikiwa mbaya, raia ananunua jeep. Jeep inakunywa zaidi. Kwa hiyo analipa zaidi kwa mfuko uliopaswa kutengeneza barabara hiyo. Mwaka wa 2021 Kongo na Uganda walipatana kutengeneza, pamoja na njia nyingine, kilomita 80 za Kasindi–Beni na kilomita 54 za Beni–Butembo. Kwenye lami sentimita 16 zinatosha. Lakini lami ya njia kubwa haipandi vilima vya kata, ambako watoto wanalala. Wabunge wa taifa wana haki ya kuita wakubwa wa FONER na kuwauliza, kata kwa kata, pesa za kila litri zilitengeneza njia gani.