Friji si lazima, mwandishi

Mwandishi wa makala haya kaeleza vizuri kuhusu kutupa chakula, ila aliposema bila friji chakula lazima kiharibike, wapishi wa Homa Bay na Migori watamkatalia. Mboga za osuga na dek huchemshwa, hutiwa maziwa na kupashwa tena kesho yake, na wengi husema ndipo utamu unapokolea. Samaki waliokosa mnunuzi hupasuliwa, wakaanikwa wawe obambla. Hata mgongo wazi wa samaki mbuta, unaobaki viwanda vikishachukua minofu, hukaangwa ukawa kitoweo. Na wale wanaodai kwenye maoni hapo juu kwamba kutupa chakula ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya: shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mwaka 2021 ilikadiria kilo 99 za chakula hutupwa majumbani kwa kila Mkenya kwa mwaka. Jamani, kiporo cha ugali kinaliwa na chai asubuhi, msikimwage.