Kawasaki Z1: Injini kali, fremu laini. Je, kuongeza chuma kunatosha?

Kawasaki Z1, iliyotoka 1972, bado inakimbizwa barabarani. Tatizo lake linajulikana: injini ya cc 903 ina nguvu kuliko fremu. Ukiikaza kwenye kona, fremu inajipinda na usukani unaanza kucheza.

Tairi za kisasa zimeongeza presha. Zinashika lami vizuri zaidi, hivyo fremu inabebeshwa mzigo ambao haikuundiwa.

Ndiyo maana wengi wanaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Kazi huanzia sehemu mbili: shingo inayoshika usukani, na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa. Hapo huwekwa vipande vya chuma vya pembetatu au bomba la kukaza.

Lakini chuma kingi siyo dawa. Kiraka kikiishia ghafla, mzigo unahamia ukingoni mwake, na bomba linaweza kupasuka hapohapo. Joto la kuchomelea nalo hupindisha fremu isipofungwa imara.

Kwa hiyo cha kwanza ni kukagua beringi za shingo, bushi za nyuma na shokapu. Zikiwa zimeisha, pikipiki itayumba tu, hata fremu iwe ngumu kama reli.