NG'OMBE WA UKAMBANI NA WATU WA RELI WA MAREKANI

Ndugu wanachama,

Kila mtu nchini humu anajua habari za mwaka 1952, na watoto wengi wa shule wamesikia juu ya maandamano makubwa ya watu weusi mjini Washington mwaka 1963. Hayo ni mambo makubwa, wala hatuyapunguzi. Lakini mto mkubwa una vijito vyake. Leo twapenda kuandika juu ya vijito viwili ambavyo wengi wamevisahau: kimoja cha kwetu Ukambani, na kimoja cha wafanyakazi wa reli wa Marekani. Twaviandika kwa sababu katika matawi yetu siku hizi yako maneno mengi kwamba chama hakina faida, na kwamba kulipa ada ni kutupa fedha.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1938 nchi tunayoiita leo Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos; ilipata kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Kitui ilikuwa wilaya mbali. Serikali ya kikoloni ilisema kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi, na kwamba ng'ombe hao wanamaliza udongo. Hatutaki kumdanganya mtu: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli, na milima mingi ilibaki mawe matupu. Lakini liko swali ambalo serikali haikupenda kuulizwa. Kwa nini ng'ombe walisongamana hivyo? Milima ya Mua ilikuwa imekwisha kupewa walowezi, na malisho ya Yatta yalikuwa yamewekewa mipaka. Mtu akikunyang'anya nusu ya shamba lako, kisha akakulaumu kwa kuwa watoto wako wanakanyagana katika nusu iliyobaki, huyo hatafuti dawa ya ugonjwa.

Tena palikuwa na jambo la biashara. Kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, kando ya reli yetu, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Basi ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa mnadani kwa bei ndogo. Kwa Mkamba wa siku zile ng'ombe alikuwa akiba, alikuwa mahari ya mwanawe, na alikuwa chakula cha mwaka wa njaa. Kumwondolea mtu ng'ombe wake ni sawa na mwajiri wa leo kumkata mfanyakazi mshahara na pensheni kwa siku moja, kisha amwambie ni kwa faida yake.

Watu wa Ngelani, katika vilima vya Iveti, wakakataa. Wakamba walikuwa na chama chao, Ukamba Members Association, na kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu, mtu aliyepata kuwa askari polisi. Mwishoni mwa Julai 1938 watu wapatao elfu mbili, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Gavana akakataa kuwaona huko. Wao nao wakakataa kurudi. Wakapiga kambi mjini kwa majuma kama sita.

Ndugu, tufikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Watu elfu mbili hula kila siku. Wanataka maji, wanataka kuni, na watoto wao huugua usiku. Mmoja akishikwa na hasira akatupa jiwe, polisi wamepata sababu. Wale watu hawakutupa mawe. Walikaa kwa amani, nao walisaidiwa. Wenzao wa Kikuyu Central Association walisimama nao. Bwana Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliwatetea. Jomo Kenyatta, aliyekuwa Uingereza wakati ule, aliandika habari zao katika gazeti la huko. Hivyo ng'ombe wa Ngelani wakapata kutajwa hata katika Bunge la Uingereza.

Mwezi wa Agosti Gavana akaja Machakos mwenyewe kusema na watu. Hakuwapa walichokitaka. Kisha Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na watu wake. Serikali ilidhani kwamba kichwa kikikatwa mwili utalala. Lakini mwili haukulala, na kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Hapa twaomba wasomaji wetu walinganishe. Mwaka 1922, huko Kilungu, mahali palipo ndani ya Makueni leo, alitokea mtu aitwaye Ndonye wa Kauti. Yeye alihubiri kwamba utawala wa Wazungu utaondoka. Serikali ikamkamata, ikamhamishia pwani, na neno lake likanyamaza. Hatumdharau, alikuwa na moyo mkubwa. Lakini alikuwa sauti ya mtu mmoja, na sauti ya mtu mmoja huweza kufungiwa kisiwani. Mwaka 1938 walimfunga Muindi, lakini hawakuweza kuwafunga watu wote wa Ngelani, wala marafiki wao wa Nairobi na London. Tena serikali ilijua kwamba askari wengi wa jeshi lake na polisi wake ni Wakamba, na kwamba askari aliye kambini ana baba mwenye ng'ombe nyumbani.

Gharama yake tusiifiche. Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku chama kile, pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, na viongozi wakatiwa kizuizini. Lakini swali la ardhi halikufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali yenyewe ilianza kufyeka vichaka vya mbung'o huko Makueni na kuwapa mashamba watu waliosongamana Machakos, kwa masharti makali ya kulima matuta na kuhesabu mifugo. Hivyo ilikiri kwa vitendo kwamba shida haikuwa ng'ombe peke yake. Shida ilikuwa nafasi.

Sasa twende ng'ambo. Siku zile zile, katika magari ya moshi ya Marekani, yalikuwako mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Wahudumu wake walikuwa watu weusi. Walitandika vitanda, walisafisha viatu vya abiria na kubeba mizigo yao, na kwa mwezi walifanya kazi saa 400 hivi. Abiria hawakuuliza majina yao. Wengi waliwaita wote 'George', jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1925 wahudumu hao wakaunda chama chao, Brotherhood of Sleeping Car Porters. Wakamchagua A. Philip Randolph awaongoze. Yeye hakuwa mhudumu wa reli, na hiyo ilikuwa akili: kampuni haikuweza kumfukuza kazi mtu asiyekuwa wake. Walipigana miaka kumi na miwili. Wengine walifukuzwa, na wengine walikata tamaa wakaacha kulipa ada, hata chama kikakaribia kufa. Mwezi wa Agosti 1937 kampuni ilitia sahihi mapatano. Saa za kazi zikashushwa mpaka 240 kwa mwezi, na mishahara ikapanda.

Lakini jambo tunalotaka hasa kulitaja ni la mwaka 1941. Viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vikitafuta wafanyakazi, lakini vingi vilikataa watu weusi. Randolph akatangaza kwamba tarehe 1 Julai watu weusi elfu nyingi wataandamana mjini Washington. Rais Roosevelt aliomba maandamano yaachwe. Randolph akasema: kwanza amri. Tarehe 25 Juni Rais akatia sahihi amri ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya vita, na maandamano hayakufanyika. Haikuwa amri kamili. Ubaguzi katika jeshi ulingoja amri nyingine ya mwaka 1948. Hata hivyo maandamano yasiyofanyika yalileta amri, kwa sababu Rais alijua nyuma ya Randolph kiko chama chenye matawi katika miji mingi ambayo reli ilipita.

Wala kazi ya chama kile haikuishia hapo. Mwaka 1955, Rosa Parks alipokamatwa katika basi mjini Montgomery, mmoja wa waliokwenda kumtoa kwa dhamana alikuwa E. D. Nixon, mhudumu wa Pullman na kiongozi wa tawi la chama hicho. Alikwisha kujifunza katika reli namna ya kuitisha mkutano, kukusanya mchango na kutunza daftari. Watu walipogoma kupanda mabasi, ujuzi huo ulikuwa tayari.

Basi twarudi kwetu. Tumepeleka kwa mwajiri ombi kwamba vibarua wa gengi, waliofanya kazi ya reli kwa mikataba mifupi mwaka baada ya mwaka, waandikwe kazi ya kudumu. Wengine wanasema barua zimekuwa nyingi na jibu halijaja. Ni kweli. Lakini barua peke yake ni karatasi. Watu wa Ngelani waliandika pia, kisha wakasimama nyuma ya maneno yao kwa majuma sita. Randolph alisema maneno machache tu, lakini nyuma yake palikuwa na miaka kumi na sita ya ada zilizolipwa na watu waliobeba mizigo. Mwajiri akisoma barua yetu, jambo la kwanza analouliza ni hili: hawa ni wangapi, na hazina yao ina nini? Mwanachama asiyelipa ndiye anayemjibu kabla yetu.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. La kwanza, kila tawi limwite mweka hazina wake, lisomewe hesabu wazi, na aliye na deni la ada alipe kabla ya mkutano mkuu. La pili twawaomba wanachama wetu wa Kitui na Makueni. Mkienda nyumbani likizo, waulizeni wazee juu ya mwaka 1938. Waliokuwa watoto wakati ule wamebaki wachache sana. Ulizeni hasa majina ya wanawake waliokwenda Nairobi, waliopika na kulea watoto katika kambi ile, kwa maana habari zao zimeandikwa kidogo mno. Andikeni, mtuletee. Nairobi iko barabara yenye jina la Muindi Mbingu, na sisi twapita pale kila siku tukienda stesheni. Yafaa tumjue tunayemtaja tukielekeza mtu njia.

Wenu katika umoja,
Mhariri