Benchi Lisizibe Njia



Katika mikutano ya tawi letu hapa Dzaleka pamekuwa na ubishi juu ya mabenchi ya kuwekwa mbele ya vibanda vya kazi. Wako waliocheka, wakisema chama kinapoteza wakati. Sisi hatukubali. Fundi cherehani asiye na mahali pa kumkalisha mteja humpoteza mteja huyo. Na mchukuzi mwenye gunia la mahindi kichwani haoni miguuni pake. Akijikwaa kwenye benchi akaumia, hakuna atakayemlipa siku za kulala nyumbani. Wote wawili ni wanachama wetu.

Njia zenyewe zimebanwa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 au 12,000, na sasa tumepita 50,000. Mei 2023 wenzetu wengi waliokuwa na biashara zao Lilongwe waliondolewa wakarudishwa huku. Mtu aliyenyang'anywa duka atafanya nini? Atafungua kibanda, na kibanda kitasogea mbele.

Sasa, kosa tunaloliona katika mapendekezo mengi ni kupima benchi likiwa tupu. Benchi la upana wa sentimita 30 laonekana dogo, lakini akikaa mtu, magoti na miguu yake hufika sentimita 60 au zaidi kutoka ukutani. Tena likiwa fupi kwenda juu, mkaaji hunyoosha miguu mpaka katikati ya njia. Kimo cha sentimita 45 hadi 50 humfanya aweke miguu chini yake, na mzee huinuka bila kushikwa mkono. Basi wakalisheni watu kwanza, halafu pimeni njia iliyobaki. Kiti cha magurudumu chahitaji sentimita 90 kupita, na mkokoteni uliojaa huenda ukataka zaidi. Ikiwa nafasi hiyo haipo, benchi lisiwekwe, hata kama kibanda ni cha mjumbe wa kamati. (Wajumbe watusamehe.)

Benchi la miguu minne hatulitaki: jua likigeuka watu hulivuta kufuata kivuli, na saa sita liko katikati ya njia. La chuma huunguza mwezi wa Oktoba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali. La kukunja hutegemea bawaba, na bawaba ikilegea nani atainunua nyingine?

Tunalolitaka ni baraza iliyoshikamana na ukuta. Ukuta wenyewe ndio egemeo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, baraza za namna hiyo zimejengwa kwenye kuta za nyumba, na mvua kubwa ikijaza njia watu hupita juu yake. Wenyeji wetu Wamalawi nao wana khonde, na mjini Lilongwe mafundi cherehani hushona kwenye khonde za maduka. Kwa jambo hili hatuhitaji kungoja mfadhili alete mchoro.

Wako wanaouliza: ya nini kujenga kitu cha kudumu mahali pa muda? Tunawajibu kwamba mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1994 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Huo muda wanaousema umetosha kumchosha mtu kusimama.

Maseremala wetu wamelalamika kwamba baraza ya tofali itawanyima kazi. Malalamiko yao ni ya haki. Kwa hiyo tunapendekeza msingi wa mawe, ili maji ya mvua yasile tofali, juu yake tofali, na juu kabisa ubao mmoja wa sentimita 30 uliopigwa randa, pembe zake zikiwa zimeviringwa. Mwashi atapata kazi, seremala atapata kazi. Bei ya kila mmoja ipangwe mkutanoni kabla ya tofali la kwanza, na fedha zitoke kwenye mfuko wa tawi. Fundi yeyote asiambiwe ajitolee.