Msitu Si Hesabu ya Miti

Wako wasemao kuwa mti ni mti tu: ukikatwa huu, hupandwa ule, na hesabu hutimia. Mimi siikubali kauli hiyo, na ushahidi wangu uko Kwale, katika milima ya Shimba.

Msitu wa Shimba ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mna aina zaidi ya 1,100 za mimea, na ndipo pahala pekee katika Kenya anapoishi porini palahala, mnyama mwenye pembe zilizopinda kama jambia. Humo humea mbambakofi, ambao mbao zake zilichongwa milango ya Lamu. Humo zimo chemchemi za Marere, ziletazo maji hadi Mombasa. Ni wangapi miongoni mwetu tuliotia udhu kwa maji hayo bila kuukumbuka msitu?

Misonobari nayo imepandwa humo, imejipanga safu kama askari. Mti wa kupandwa hukua, lakini aina ya mmea ikishatoweka duniani, hakuna kitalu kitakachoirudisha. Nasi watu wa lugha tuna hasara ya pili: mti ukitoweka, jina lake hubaki ganda tupu, na wajukuu hawatajua tulisema nini.

Basi, ndugu msomaji, ununuapo mbao au makaa, uliza yametoka wapi. Kupanda ni sadaka, tupande. Walakini tuanze kwa kuichunga ile tusiyoipanda sisi.